Mzee Rangi, Aliyetugawia Njia

Tarehe thelathini ya mwezi huu Mzee Rangi anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha njia za jangwani kwa miaka thelathini na minne. Katika miaka hiyo, ishirini na mmoja nimekaa naye kaunta moja, yeye upande wa dirishani, mimi upande wa kabati. Naanza na hilo la dirisha makusudi, ili msomaji ajue mapema kwamba mwandishi wa wasifu huu ana wivu.

Mkuu wetu wa kituo aliponipa kazi hii alisema niandike mambo mazuri tu. Nikamuuliza kama mambo hayo yatatosha kujaza kurasa alizozitenga. Akanitazama kwa lile jicho ambalo wafanyakazi wote hapa wanalijua, akasema nikishindwa atampa mpishi. Basi nikakaa kuandika. Mpishi angeandika kwa machozi, na machozi ya mpishi kwa ajili ya Mzee Rangi tumeshayala ya kutosha kwenye mchuzi tangu tangazo la kustaafu lilipobandikwa.

Kwa wenzetu wa vituo vingine wasiomfahamu, kazi yake ni kumwambia mtu njia ipi anaiweza. Inaonekana kazi ndogo. Lakini kituo chetu kiko ukingoni mwa jangwa, na jangwani mgeni haoni ugumu kwa macho. Msituni mtu huona giza, mtoni huona maji, akaogopa mwenyewe. Huku anaona uwazi, mchanga mwekundu na miamba mizuri ya kupigia picha, anajiambia hapa ni kutembea tu. Jua likishapanda ndipo anapojua alichojiambia. Kwa sababu hiyo njia zetu zimepakwa rangi nne kwenye mawe, tangu mlangoni mwetu hadi zinakoishia. Nyeupe ni ya watoto na ya viatu vya mjini. Njano ni ya mtu mzima mwenye kofia na maji ya kutosha. Nyekundu ina kupanda, na mchanga wake unarudisha mguu nyuma. Nyeusi ni moja tu. Inapanda mgongo wa Mwamba Mkubwa hadi kileleni, na huko hakuna kivuli wala tone la maji.

Kupima urefu wa njia hizo, mwinuko wake na muda wa kuzitembea ni kazi yangu, ndiyo maana naitwa Mita. Napima, naandika, narudi nimebabuka pua. Halafu anakuja yeye na kopo na brashi, anapaka jiwe rangi, na mgeni anaishukuru rangi. Sijawahi kusikia mgeni akisimama jangwani kuzishukuru mita.

Mzee Rangi hakuja kwetu kama mtaalamu wa njia. Alikuja kupaka milango. Mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa maneno matamu, na kila njia aliipa jina la kuvutia. Ile mbaya kuliko zote, ambayo leo ni Nyeusi, aliiita Pumziko la Asubuhi. Familia zilikuwa zinaingia na watoto mgongoni, zinasoma majina ukutani, na karibu zote zinachagua Pumziko la Asubuhi. Mchana dereva anakwenda kuwaokota. Yule fundi wa kupaka milango, akiwa juu ya ngazi yake, aliyasikia hayo wiki nzima. Siku ya mwisho wa kazi yake alishuka, akachukua rangi nyeusi iliyobaki, akafuta jina lile kwenye ubao bila kumwomba mtu ruhusa. Aliitwa ofisini afukuzwe. Akatoka ameajiriwa. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilisogeza ubao huohuo kidogo ili usipigwe na jua, nikaandikiwa onyo.

Ni mtu wa maneno, na anajisifu bila haya. Kisa chake cha kopo la rangi lililomponyoka karibu na kilele nimekisikia tangu kikiwa kifupi. Zamani kopo liliserereka likanasa kichakani. Baadaye likafika bondeni. Siku hizi linavuka barabara kuu na lori linafunga breki. Nina vipimo vya mteremko ule kabatini, na siku moja niliwaeleza wageni kwa upole kwamba kopo haliwezi kuvuka ukingo wa pili hata likisukumwa na watu wawili. Wageni walinikata jicho. Mmoja akamwomba Mzee Rangi aendelee.

Hata paka wa ofisi. Nampa maziwa mimi, na akishamaliza anakwenda kulala chini ya kiti cha Mzee Rangi.

Nirudi kwenye kazi. Mgeni akifika, Mzee Rangi hamuulizi umri wala kama anafanya mazoezi. Anamwambia apande kwanza akaione ramani. Chumba cha ramani kiko juu ya mnara wa zamani wa tangi la maji, na ngazi zake zinaanzia palepale nyuma ya kaunta. Ni ngazi za saruji, ndefu, zinazochosha. Katikati, pale zinapokata kona, kuna benchi fupi, mtungi wa maji na vikombe, na kutoka kwenye kiti chake pale dirishani Mzee Rangi anaiona kona yote. Mgeni akishuka, Mzee Rangi anamtazama kidogo, anafungua droo, anatoa utepe, anambandika kifuani. Umepewa nyeupe, umepewa njano, ndiyo imekwisha. Hajawahi kumweleza mtu anaangalia nini. Sote tuliamini anasikiliza pumzi.

Na sheria ya kituo, aliyoitunga yeye na mkuu akaitia sahihi, inasema hakuna anayeingia njia iliyo ngumu kuliko utepe wake, isipokuwa akiongozana na mwenye utepe wa njia hiyo. Sheria haichagui mgeni wala mfanyakazi. Naomba msomaji aikumbuke, maana mimi imenikaba koo kwa miaka: Nyekundu naipima nikiongozwa, na vipimo vya Nyeusi nilivikuta kabatini.

Waliokuwepo wanakumbuka wale wanaume wa klabu ya mazoezi, vifua mbele, fulana za aina moja. Walipanda mnara mbio, wakashuka mbio, hakuna aliyehema. Mzee Rangi akawabandika njano wote. Kiongozi wao alidai kuonana na mkuu, akaonana naye, akarudi na njano yake ileile. Saa hiyohiyo alikuja mwalimu mstaafu, mama mwenye mkongojo, akapanda kwa kusuasua, akakaa kwenye benchi muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia, akashuka na kupewa nyekundu. Nilimnong'oneza Mzee Rangi kwamba tutakuja kushtakiwa. Alinijibu kwa kunisogezea sahani ya karanga. Jioni yule mama alirudi amejaa vumbi na furaha, na picha yake akiwa na Mzee Rangi imetundikwa mapokezi hadi leo. Ukiitazama vizuri, kiwiko kinachoonekana pembeni ni changu.

Wakaja pia maharusi. Mume akapewa njano, mke akapewa nyekundu, na ugomvi ukaanza palepale kaunta, kila mmoja akitaja na ya nyumbani kwao. Mzee Rangi akazichukua zile tepe mbili, akawabandika nyeupe wote, akawaambia waende polepole na warudi wakishazoeana. Walirudi msimu wa pili na mtoto, wakamkumbatia Mzee Rangi, wakampa amshike mtoto. Mimi ndiye niliyewashikia mizigo siku ile ya ugomvi. Hakuna aliyenikumbuka.

Sasa niseme la mke wangu. Nilimleta kituoni mwaka wetu wa tatu wa ndoa, nikitaka aone ninapofanyia kazi na, nisifiche, aone kwamba naheshimiwa. Mzee Rangi akamchangamkia, shemeji huku, shemeji kule, akamwambia apande akaione ramani. Tukapanda pamoja. Mimi nikafika juu, nikageuka, mke wangu hayupo. Alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa maji. Nikamwita kwamba zimebaki ngazi chache tu. Akaniambia nimsalimie ramani, akashuka zake. Nilipofika chini nikamkuta ana utepe mweusi kifuani. Mimi, niliyefika juu, nikabandikwa njano.

Utepe ule uko kwenye kioo cha chumbani kwetu. Kila asubuhi nikichana nywele nauona. Mke wangu ameshapanda hadi kileleni mara kadhaa, pamoja na mpishi na shemeji yetu, mke wa Mzee Rangi, na wakirudi wanazungumza kwa sauti ya chini juu ya kitu walichokiona huko. Nikikaribia wanabadilisha mazungumzo, wanauliza habari za maharage. Mara moja aliniambia nikitaka kufika kileleni nimwambie tu, ataniongoza. Nikamjibu kwamba nina kazi nyingi. Jibu hilo nimekuwa nalo tangu wakati huo.

Wasifu wa haki lazima utaje na makosa, na hapa nilianza kuandika kwa raha. Mzee Rangi aliwahi kukosea, tena kosa kubwa. Njia ya Korongo inaanza kwa kuteremka. Aliitembea kuipangia rangi msimu wa baridi, asubuhi, korongo lote likiwa na kivuli, akateremka akipiga mluzi, na kule chini dereva akampokea kwa gari. Akaipaka njano. Nilimwambia kwamba mgeni hana dereva wa kumpokea, kwamba kila mteremko wa asubuhi ni mlima wa mchana, na nikamwonyesha vipimo. Akasema vipimo vyangu havijawahi kupiga mluzi. Joto lilipoingia, wageni wa njano walishuka wakicheka na kurudi wakitambaa. Hakuna aliyedhurika, Mungu alisaidia, lakini madereva hawakulala vizuri mwezi ule.

Nilijua saa yangu imefika. Mkuu akaitisha kikao. Mzee Rangi akasimama, akasema amekosea na Mita alikuwa sahihi, akaomba kopo la njano na kopo la nyekundu. Akaenda akapaka kila jiwe la Korongo rangi mbili, njano upande unaouona ukishuka, nyekundu upande unaouona ukipanda. Na kwenye ubao wa mwanzo wa njia akapaka mraba wa rangi hizo mbili na kuandika kwamba kwenda ni njano, kurudi ni nyekundu, na utepe utolewe kwa rangi ya kurudi. Vituo vingine vikaja kuiga. Watu wa magazeti wakaja kumpiga picha kati ya mawe ya rangi mbili. Yaani mtu alikosea akapata sifa, na mimi niliyepatia nikaombwa nishike kopo ili picha itoke vizuri. Roho iliniuma mpaka usiku sikula.

Nimekuwa nikiizunguka Siku ya Rangi, lakini sina budi kuifikia. Kabla ya kufungua msimu, wafanyakazi wote tunapanga foleni mbele ya kaunta kama wageni, pamoja na mkuu, tunapanda mnara mmoja mmoja, na Mzee Rangi anatugawia tepe tutakazovaa msimu mzima. Ni siku ya vicheko. Mpishi, mwenye mwili wa kupenda chakula chake mwenyewe, hupewa nyeusi. Dereva nyeusi. Mkuu nyekundu, na anaivaa kwa heshima. Mimi njano. Msimu baada ya msimu, njano.

Nilidhani ni pumzi. Nikaanza kukimbia asubuhi. Nikaacha sukari. Jioni, wenzangu wakishaondoka, nilibaki nikipanda mnara na kushuka, nikipita lile benchi bila kuligeukia, mpaka nikaweza kufika juu na kurudi bila kufungua mdomo. Siku ya Rangi iliyofuata nilishuka mbele yake nikipumua kwa pua kama mtu aliyetoka kitandani. Akanitazama, akafungua droo. Nikasikia mkono wake unapapasa huko ndani, nikajiambia leo anatafuta nyeusi. Akanibandika njano. Wenzangu walipiga makofi ya utani, nami nikacheka nao, na kicheko kile nilikitoa mbali sana.

Msinielewe vibaya. Mtu mzima mwenye mke na watoto anajua kwamba utepe ni kitambaa. Lakini ukikaa kaunta moja na mtu ambaye watu wanavuka nchi kuja kumwuliza wanaweza nini, na wewe akakupa jibu lilelile kila mwaka, unaanza kuliamini. Nilitaka kabla hajaondoka aniambie jibu lingine. Hakuna nilichokitaka zaidi hapa kazini, hata dirisha.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya ukaguzi wa Njia Nyeusi. Kila mwaka Mzee Rangi anaupanda Mwamba Mkubwa kurudishia rangi iliyopauka, na mtu mmoja anamsindikiza. Huwa mpishi. Safari hii, ambayo ni ya mwisho kwake, mpishi alikuwa ameteguka kifundo cha mguu na dereva alikuwa likizo. Mzee Rangi akaangaza macho ofisi nzima, akaangaza tena kana kwamba kuna mtu amejificha, kisha akaniambia nichukue maji. Mwaliko wenyewe ulikuwa huo. Nilifurahi kiasi cha kusahau kukasirika.

Tuliondoka alfajiri. Nilibeba kopo, yeye akabeba brashi mbili, moja ya kazi na nyingine nzee, imebaki nywele za kuhesabika. Nilipouliza, alisema ile ndiyo brashi aliyofutia Pumziko la Asubuhi, na anataka kuiacha kileleni chini ya mawe, imalizie siku zake kule. Akaendelea na kisa cha kopo na lori. Nilimsikiliza bila kumsahihisha, maana nilikuwa kwenye Njia Nyeusi na sikutaka kurudishwa.

Karibu na bega la mwamba, pale kilele kinapoonekana chote na ile chungu ya mawe juu yake, Mzee Rangi akaacha kusimulia. Hiyo ilinishtua kuliko kama angepiga kelele. Nikamtazama anavyoweka mguu. Goti la kushoto lilikuwa linatetemeka kila anaposhuka jiwe, na alikuwa analificha kwa kusimama kupaka mawe ambayo hayakuhitaji kupakwa. Na upande wa bondeni upepo ulikuwa umeanza kunyanyua vumbi. Halikuwa vumbi la kutisha. Lilikuwa vumbi la kufikirisha.

Nilitamani kilele kile, pengine kuliko yeye. Yeye alishafika huko mara nyingi kuliko ninavyofika dukani. Nilihesabu tulichobakiza, kama kawaida yangu, na jibu lilikuwa kwamba tunafika. Kufika tunafika. Kushuka na goti lile, kwenye vumbi, ndiko hesabu iliponikatalia. Nikamwambia turudi.

Akasema ni hapo tu. Nikamwambia turudi, Mzee. Akasema Mita, usinifanye mgeni, akatangulia. Huyo ndiye mtu aliyewazuia wana klabu ya mazoezi kwa utepe mmoja, sasa anachechemea kuelekea kileleni na brashi kuukuu mfukoni, na maneno hayamwingii. Sikuwa na la kufanya. Nikaweka kopo chini, nikakaa juu ya jiwe, nikajimiminia maji. Akaniita. Nikanywa. Akaita tena, nami sikuinuka. Alisimama pale juu muda mrefu akinipa kisogo, akikitazama kilele. Kisha akashuka polepole, akakaa kando yangu, akapokea kikombe.

Alipomaliza maji alisema, "Mita, miaka yote hii nakusubiri ukae chini."

Sikumwelewa. Akanieleza. Haikuwa pumzi. Hajawahi kusikiliza pumzi ya mtu. Alikuwa anaangalia benchi. Miguu, alisema, karibu kila mtu anayo, na asiyekuwa nayo anaonekana tangu mlangoni. Anachokitafuta yeye ni mtu anayejua kwamba amechoka, anayekaa bila aibu, na anayeweza kuiacha ramani juu kule akashuka. Huyo unaweza kumpeleka popote jangwani, atarudi. Anayepita benchi mbio ndiye wa kumwekea mipaka. Akaniuliza kama najua maji ya mtungi wa mnara ni baridi au vuguvugu. Miaka ishirini na mmoja, na sikujua.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, nikateseka na sukari. Akasema angeniambia ningekaa kwenye benchi kwa sababu yake, si kwa sababu ya kuchoka. Halafu akaufungua utepe wake mweusi, ule alioutoa kwenye droo mwaka aliotunga rangi, akanibandika kwa vidole vyenye rangi. Umechakaa na una alama ya gumba.

Tukashuka, mkono wake begani kwangu. Na sasa naandika jambo ambalo mkuu anaweza kulifuta. Tulipofika chini upepo ulikufa. Vumbi likatua, anga ikasafika, na kilele kikaonekana chote, karibu, kana kwamba hakikuwa na neno na mtu. Tungefika. Mzee Rangi aligeuka akakitazama, akaitoa ile brashi, akaitazama, akairudisha mfukoni. Hakunilaumu. Alinisimulia kisa cha kopo mpaka ofisini, na lori likafunga breki kama kawaida. Ningependa angenilaumu.

Ofisini walinipokea kwa shangwe. Mpishi alinikumbatia kwa mguu mmoja. Mke wangu jioni ile aliutundika utepe wangu kwenye kioo, kando ya wake, akaniuliza kama sasa niko tayari kusikia walichokiona huko juu. Nikamwambia hapana, nitakiona mwenyewe. Na kila anayenipongeza anasema jambo lilelile, kwamba Mzee Rangi kanipa. Hata nyeusi yangu imekuwa sifa yake. Nilijua tu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru Mzee Rangi. Tunamshukuru kwa mawe ambayo sasa mtu anaweza kuyasoma hata akiwa amepotea na amechanganyikiwa, kwa familia zilizokula chakula cha jioni nyumbani kwao kwa sababu alizinyima njia, na kwa kulifuta lile jina la aibu, Pumziko la Asubuhi. Tunamshukuru na shemeji yetu, mkewe, aliyefua mashati yenye madoa ambayo hayajawahi kutoka. Kuanzia mwezi ujao kiti cha dirishani ni changu, na droo ya tepe ni yangu. Paka amearifiwa. Hajatoa jibu.

Lililobaki nakwambia wewe mwenyewe, Mzee, mbele ya watu. Nasikia umeshatangaza jikoni kwamba joto likipungua utakuja na shemeji kama wageni, utasimama kwenye foleni, utapanda mnara, na kwamba ukishuka nitakubandika nyeusi. Karibu sana. Utapanda, nami nitakuwa dirishani naangalia benchi, kama ulivyonifundisha. Lakini usijisumbue kukaa ili nikuone. Mimi nilikuona begani mwa mwamba, nilipokwambia turudi ukatangulia. Nimeshakupangia. Utapata njano.

Brashi yako kuukuu uliyoisahau mezani nimeiweka kwenye droo, chini ya tepe. Goti lako lipumzike, shemeji akutunze, kahawa yako isipoe kwa maneno mengi, na kila siku yako iwe na kivuli. Sheria unaijua, uliitunga mwenyewe: mwenye njano haendi Nyeusi ila aongozane na mwenye nyeusi. Ukifika, ulizia upande wa dirishani. Tutapanda polepole, na ukitaka kukaa, tutakaa.